Fomu ikikatika njiani, iendelee pale ilipoishia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watu wanaotengeneza mifumo ya kutolea fomu, barua na matokeo kwenye intaneti. Nina steshenari hapa Nansio, Ukerewe, huu ni mwaka wa 11. Nina kompyuta tatu, printa mbili, mashine moja ya kopi, na modemu ninayoitundika kwenye nondo za dirisha kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika. Daftari na kalamu nauza, lakini kinacholipa kodi ya fremu ni kuwapakulia watu karatasi zao na kuwaprintia.

Mwaka jana, msimu wa fomu za kidato cha tano, alikuja mama mmoja kutoka kisiwa cha Ukara na kijana wake. Walitoka kwao alfajiri, wakavuka maji hadi Bugolora, kisha wakapanda bodaboda mshikaki mpaka hapa mjini. Kijana alikuwa amechaguliwa shule ya mbali, nyanda za juu kusini. Akanipa kikaratasi chenye namba yake ya mtihani. Mama akakaa kwenye benchi, kikapu magotini. Akaniambia, "Mwanangu, nitolee tu hiyo fomu, tuna boti ya kurudi."

Fomu ilikuwepo. Nikabofya, brauza ikaonyesha ukubwa: MB 62, kwa kurasa 14. Siku nzuri mtandao wetu unanipa kama megabiti moja kwa sekunde (megabiti nane ndizo MB moja), na kwa mwendo huo MB 62 zinachukua dakika nane na kidogo. Siku hiyo haikuwa nzuri. Nusu saa ilipita, mama anaangalia mlango, mimi naangalia ule mstari wa kijani ukisogea. Ulipofika MB 57 mtandao ukayumba na brauza ikaandika kwamba imeshindikana. Nikabofya kuendelea. Ikaanza tena sifuri. Mara ya pili ikafika 40, ikakatika, ikaanza sifuri. Mara ya tatu ikafika 31. Nilikuwa nimemaliza MB 128 za bando, zaidi ya mara mbili ya fomu nzima, na sikuwa na hata ukurasa mmoja wa kumpa yule mama.

Saa tisa alasiri akasimama. "Basi mwanangu, Mungu akipenda tutarudi." Hakugomba. Kijana wake ndiye aliyekuwa na uso wa kulia.

Niliamka saa nane usiku, mtandao ukiwa umetulia, fomu ikashuka yote kwa dakika tisa. Asubuhi nikaprinti, nikaifunga kwenye bahasha ya nailoni, nikampa dereva wa bodaboda aipeleke Bugolora, na huko akampa mtu wa boti. Ilimfikia mama siku ya pili yake. Ndani ya fomu ile kuna karatasi ya uchunguzi wa afya inayotaka saini ya daktari na mhuri wa hospitali, na orodha ya vitu vya kununua. Kwa anayeishi Ukara, siku mbili si muda wa kuchezea.

Ndugu Mhariri, sitaki kuulaumu mtandao. Mtandao wa kisiwani unakatika, umeme nao unakatika, na hayo wote tunayajua. Hata wenzetu wa Dar es Salaam walionja Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na nchi nzima ikawa inatambaa. Ninacholalamikia ni kwamba kukatika kwa faili njiani kulishapatiwa dawa zamani sana, na dawa hiyo ni ya bure. Kanuni ya HTTP 1.1, ambayo ndiyo lugha wanayozungumza brauza na seva (kompyuta ya mbali inayotunza mafaili na kuyatoa), ilitangazwa Januari 1997, na ndani yake tayari kulikuwa na utaratibu wa kuomba kipande cha faili. Brauza inasema: ninazo baiti milioni 57 za kwanza, yaani MB 57, nipe kuanzia hapo. Seva inayojua utaratibu huo inajibu kwa namba 206, maana yake "hiki ni kipande ulichoomba", na kazi inaendelea pale ilipoishia. Seva isiyojua inajibu 200 na kuanza kumwaga faili zima upya. Kijana yule wa Ukara alikuwa hajazaliwa kanuni hiyo ilipoandikwa.

Sasa, kwa nini mfumo wa mwaka huu ushindwe kufanya jambo la mwaka 1997? Jibu ninalo, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, shule moja ya huku iliniomba niitengenezee tovuti ya kuwagawia wazazi mazoezi ya nyumbani. Nina stashahada ya kompyuta, na PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, ninaiandika. Mwanzoni niliyaweka mafaili wazi tu kwenye folda ya seva, na kila kitu kikaenda vizuri. Ukikatika, unaendelea. Kisha mwalimu mkuu akataka mzazi aingie kwanza kwa namba ya mtoto ndipo apate mazoezi. Ni ombi la haki. Nikayaondoa mafaili kwenye folda ya wazi, nikaandika programu: angalia kama mzazi ameingia, soma faili lote kwenye kumbukumbu ya kazi ya seva (RAM), lirushe kwa mzazi. Mistari kumi hivi. Nikaijaribu nikiwa Mwanza kwenye mtandao wa kasi, ikafanya kazi, nikalala usingizi wangu.

Kifurushi cha mazoezi kilikuwa MB 30. Seva tuliyokodi ilikuwa na kumbukumbu ya GB 1. Jumatatu asubuhi wazazi wakaarifiwa, wakaingia 40 kwa mpigo. Zidisha mwenyewe: MB 1,200 zinatafuta pa kukaa ndani ya GB moja. Seva ikalala chini. Nilipoiinua wazazi wakaanza kunipigia: kila mtandao ukikatika wanaanzishwa mwanzo. Mzazi mmoja wa Ilugwa aliniambia ametumia bando la wiki kwa siku moja. Ndipo nilipokaa chini kusoma nilichokifanya.

Nitaeleza kwa mfano wa bandarini kwetu, ambao kila mtu wa Nansio anaujua. Pale gatini kuna karani na kuna makuli. Karani kazi yake ni kukagua hati: mzigo ni wako au si wako. Akiridhika anamwita kuli, kuli anabeba, karani anamgeukia mtu wa pili. Kuli anajua kazi yake. Gunia likidondoka njiani analiokota pale pale lilipoanguka, harudi melini kuanza upya. Mimi nilichofanya ni kumchukua karani, nikamwacha dirisha wazi, nikamwambia abebe kila gunia mwenyewe kichwani. Foleni ikasimama, na kwa kuwa hakuzoea kubeba, gunia lilipodondoka hakujua la kufanya ila kurudi mwanzo.

Programu za seva kama nginx na Apache ndizo makuli wenyewe. Faili la kawaida likiwa mikononi mwao, kuendelea pale lilipoishia wanakujua tayari, hupaswi kuandika hata mstari mmoja. Ujuzi huo unapotea pale mtengeneza mfumo anapoamua kwamba programu yake ndiyo itakayosoma faili na kulirusha. Na mifumo mingi inayotaka mtu aingie kwa namba ya siri imejengwa hivyo. Ndiyo maana faili la tangazo lililo wazi kwa kila mtu linaendelea vizuri likikatika, lakini barua ya mtu binafsi, ile inayohitajika zaidi, inaanza sifuri.

Vijana wa programu mtanielewa haraka hapa. Programu yako ikague ruhusa, kisha itume kichwa tu (header), yaani mstari mfupi wa kuiambia seva ni faili gani, na kuiachia seva ibebe. Kwenye nginx kichwa hicho kinaitwa X-Accel-Redirect, na folda yenyewe unaifunga ili isifikiwe kutoka nje. Kwenye Apache kuna moduli inayosoma X-Sendfile. Mimi mabadiliko hayo yalinichukua mchana mmoja. Seva ile ile ya GB 1 ikahudumia wazazi wale wale, na simu za malalamiko zikakoma.

Kujua kama mfumo wako una ugonjwa huu hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Omba baiti 100 tu za mwanzo wa faili. Ukijibiwa 206 na baiti 100, mzima. Ukijibiwa 200 na faili zima, mgonjwa. Amri ya curl, programu ndogo ya kuombea mafaili kwa kuandika, ikiwa na alama -r na -i inakuonyesha kwa sekunde moja.

Kuna namna nyingine mbili za kumrudisha mtu sifuri, nazo nimekutana nazo zote mwaka huu. Ya kwanza ni linki inayokufa mapema. Siku hizi mifumo mingi inaweka mafaili kwenye hifadhi ya kukodi, na mteja anapewa linki yenye saini na muda wa mwisho. Utaratibu ni mzuri, naupenda. Lakini aliyepanga muda huo alipanga dakika tano, kwa sababu kwake faili linashuka kwa sekunde nane. Huku kwetu faili linakatika dakika ya kumi na mbili, brauza inaomba kipande kilichobaki, nayo seva inakataa kwa namba 403 kwa kuwa linki imeshakufa. Weka saa moja, weka hata saa kadhaa, mradi linki ni ya mtu mmoja na faili moja.

Ya pili ni barua inayotengenezwa upya kila ukibofya. Mfumo unaandika saa na dakika ndani ya PDF kila mara, kwa hiyo kipande cha jana hakiungani na kipande cha leo. Tengeneza mara moja, hifadhi, toa ile ile.

Nije kwenye jambo linaloniumiza kuliko mengine kwa sababu mteja analilipia kabla ya kujua: faili linalodanganya. Mwezi wa saba binti mmoja aliniletea flashi yenye barua yake ya udahili. Alikuwa ameipakua kwa simu ya mjomba wake, na simu ilimwandikia imekamilika. Nikaifungua, programu ikasema faili limeharibika. Ukubwa wake KB 9. Nikalifungua kwa Notepad nione ndani. PDF ya kweli mstari wake wa kwanza unaanza na %PDF na mwisho wake kabisa kuna %%EOF. Hili lilianza na maneno ya ukurasa wa tovuti, na katikati yake nikasoma sentensi ya Kiswahili safi: "Muda wako umekwisha. Tafadhali ingia tena." Binti alikuwa amekaa kwenye ukurasa muda mrefu akingoja mtandao, mfumo ukamtoa, kisha alipobofya ukampa ukurasa wa kuingilia ukiwa umevishwa jina la barua yake. Alibeba karatasi ya "ingia tena" kwenye flashi kwa siku nne akiamini ndiyo barua ya chuo.

Wiki hiyo hiyo likaja jingine, MB 11, nalo simu iliandika limekamilika. Mwanzoni lilikuwa sawa, lakini mkiani maandishi yamekatika tu, %%EOF haipo. PDF faharasa yake inakaa mwishoni. Programu ya kusomea inaanzia mkiani, inasoma pale namba inayoonyesha faharasa ilipo, ndipo inajua ukurasa wa kwanza uko wapi. Ukikosa mkia, mara nyingi umekosa barua nzima hata kama asilimia 95 unayo. Na kwa nini simu ilisema limekamilika? Kwa sababu mfumo haukutaja mwanzoni kwamba faili lina baiti ngapi. Seva ilipokata njiani, simu haikuwa na cha kulinganishia.

Dawa zake ni ndogo. Taja urefu wa faili kabla ya kuanza kulituma. Kosa likitokea, tuma namba ya kosa na ukurasa wa kosa, usimpe mtu kosa lililovaa jina la PDF. Na hakikisha umemaliza kukagua kila kitu kabla ya kutangaza kwamba unatuma barua.

Majina nayo. Kompyuta yangu ya katikati sasa hivi ina mafaili 37 yanayoitwa "fomu.pdf", "fomu (1).pdf", "fomu (2).pdf" na kuendelea. Nililazimika kuanza kufungua moja moja mbele ya mteja, na hapo namwonyesha karatasi za wenzake bila kutaka. Mfumo unajua namba ya mwanafunzi, basi uiweke kwenye jina la faili.

Na ule uzito wa MB 62? Zile kurasa 14 zilipigwa chapa kwenye kompyuta, zikaprintiwa, zikagongwa mhuri, kisha zikapitishwa kwenye skana kwa rangi, kila ukurasa ukawa picha. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa ukali wa nukta 300 kwa inchi una nukta zaidi ya milioni 8 na laki 6. Nilichukua nakala niliyoprinti, nikaiskani kwa nyeusi na nyeupe, kwa ukali ule ule, ikatoka chini ya MB 1, na mhuri unasomeka. Kwa mtandao ule ule wa megabiti moja, mama yule angekuwa na fomu yake mkononi kwa sekunde nane. Na kama haiwezekani kupunguza, basi andikeni ukubwa pembeni ya linki. Mtu akiona MB 62 kabla ya kubofya atanunua bando linalotosha au atasubiri usiku.

La mwisho nalisema kwa uzito. Mwanafunzi mmoja hapa dukani aligundua kwamba anwani ya barua yake inaishia na namba. Akabadilisha tarakimu ya mwisho, ikatokea barua ya mtu mwingine: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi. Akabadilisha tena, ya mwingine. Nilimzuia, nikaandika kwa wahusika siku hiyo hiyo, na baada ya wiki mbili linki zile zikafungwa, nawashukuru. Lakini kosa hilo ni lile lile la karani: alikagua kwamba mtu ameingia, hakukagua kama mzigo ni wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Kuificha namba kwa kuifanya ndefu hakutoshi. Kila ombi la faili, hata lile la kipande cha kuendelezea, lipite kwa karani aulize: faili hili ni la huyu?

Ninalo daftari. Tangu siku ya mama wa Ukara naandika kila faili linaloshindwa dukani kwangu: tarehe, ukubwa, lilikatikia wapi, liliendelea au lilianza upya, mteja alitoka kijiji gani. Sikutaja taasisi yoyote katika barua hii kwa sababu nataka zirekebishe, sitaki zibishane nami gazetini. Kila taasisi nitakayoiona kwenye daftari nitaiandikia yenyewe, na kurasa zake nitaziambatanisha.

Na mtengeneza mfumo yeyote anayetaka kuijaribu kazi yake kabla ya msimu ujao wa fomu, namkaribisha Nansio. Meli ya kutoka Mwanza inamfikisha. Nitampa kompyuta ya katikati, ile iliyo karibu na dirisha lenye modemu, abofye linki yake mwenyewe saa sita mchana wakati mji mzima uko hewani. Benchi la wateja lipo nyuma yake, hatua moja.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye steshenari,
Nansio, Ukerewe